Wastani wa nini? Maneno niliyoyafuta katika ikisiri

Majuzi mwanafunzi wa kemia aliniletea ikisiri ya tasnifu yake nimsanifie Kiswahili. Alikuwa ametafiti vichocheo vinavyosafisha moshi wa magari: chembe za platinamu zilizotandazwa juu ya unga wa alumina. Gesi chafu hugeuzwa kwenye uso wa chembe hizo. Kwa hivyo, kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo platinamu ile ile inavyopata uso mwingi wa kufanyia kazi.

Aliandika hivi: “Kipenyo cha wastani, kwa kuhesabu chembe katika picha za hadubini ya elektroni, ni nanomita 3.” Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Nikayafuta maneno ya katikati, eti ni porojo, na badala ya “kipenyo” nikaweka “ukubwa”. Sentensi ikawa fupi na tamu. Kijana akaniambia kwa adabu, “Profesa, umenifutia kipimo.”

Alikuwa na haki. Hebu tuchukue chembe 10 za mviringo: 9 zina kipenyo cha nanomita 2, na moja nanomita 10. Kwenye picha za hadubini kila chembe huhesabiwa sawa na nyingine, na wastani ni 2.8. Ukipitisha gesi inayonata kwenye atomi za juu, unapima uso. Wastani unakuwa takriban 7.9. Ukitumia eksirei, ujazo ndio unaotawala, na hesabu inakaribia 9.5, kwani ile chembe moja kubwa imebeba asilimia 93 ya metali yote. Majibu ni matatu, na hakuna aliyedanganya. Lakini kwa sentensi yangu, mtafiti mwenzake aliyetumia eksirei angemwona kijana huyu mwongo.

Sisi wasanifu wa lugha tunapenda kupogoa. Tunapohariri sayansi, hatuna budi kuuliza kwanza tawi tunalolikata limebeba nini. “Ukubwa” linatosha sokoni tunapochagua maembe; katika maabara halisemi kama ni kipenyo, uso au ujazo.

Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hii. Tuandike “kipenyo cha wastani kwa idadi”, “kwa uso” au “kwa ujazo”, kisha tuitaje mbinu. Ikisiri ya kijana nimeirudisha ilivyokuwa. Aliyehitaji kusanifiwa ni mimi.