Sentensi Iliyokatizwa: Lugha na Sonona ya Kijana katika Filamu ya Everything Everywhere All at Once

Filamu ya Everything Everywhere All at Once (2022), iliyoongozwa na Daniel Kwan na Daniel Scheinert na kutwaa tuzo 7 za Oscar mwaka 2023, imesifiwa zaidi kwa vituko vya malimwengu yake mengi. Sifa hiyo imefunika jambo la msingi: mateso ya Joy, binti wa wahamiaji wa Kichina wanaoendesha biashara ya kufulia nguo nchini Marekani, yanaanzia katika lugha.

Evelyn, mama yake, huzungumza Kimandarini na mumewe, Kikantoni na baba yake na Kiingereza na bintiye. Ubadilishaji msimbo huu si pambo la uhalisia, unagawa mamlaka. Joy anapotaka kumtambulisha mpenzi wake, Becky, kwa babu, Kichina chake kinamkwama. Mama anaidaka sentensi na kuimalizia kwa kumwita Becky "rafiki mwema". Hakuna aliyefoka, lakini neno moja limemfuta kijana mbele ya mkubwa wa ukoo, ambaye naye tunamjua kwa neno la udugu tu, Gong Gong. Baadaye Evelyn anamfuata nje, anatafuta la kusema, kisha anamwambia ale vizuri zaidi kwa kuwa ananenepa. (Waliolelewa na wazazi wanaoulizia chakula badala ya hali ya moyo hawahitaji ufafanuzi hapa.)

Katika ulimwengu mwingine Joy ni Jobu Tupaki, aliyerundika kila kitu juu ya begeli, mkate wa mviringo wenye tundu katikati, hadi ukawa shimo linalomeza vyote. Neno sonona halitamkwi, wala daktari haitwi. Hilo ni jambo jema kisanaa. Vyombo vya habari vimezoea kumchora kijana wa aina hii ama kama hodari wa darasani ama kama mhanga wa mila. Joy, aliyeacha chuo, hawi yeyote kati yao. Hamu yake ya kutoweka haitokani na tukio moja linaloweza kuripotiwa.

Onyesho lenye uzito kuliko yote halina sauti. Mama na binti ni mawe mawili ukingoni mwa genge, na mazungumzo yao yanasomwa kama maandishi kwenye skrini. Hapana lafudhi ya kuchekwa wala msimbo wa kuchagua. Ni humo tu ambamo wawili hawa wanaongea kama watu walio sawa, na inasikitisha kwamba ili wafike hapo imewabidi wapoteze vinywa.

Hitimisho ndilo dhaifu. Joy anamwomba mama amwachilie aende zake. Ombi hilo linakubaliwa kwa muda mfupi mno, kisha kumbatio linafunga mjadala, kana kwamba tiba yote imo mikononi mwa mzazi. Kijana ambaye mama yake hatabadilika haachiwi njia. Hata urekebishaji wa kosa la awali unathibitisha hivyo. Babu anaambiwa hatimaye kwamba Becky ni mpenzi wa Joy, na anaambiwa kwa Kichina fasaha. Msemaji ni Evelyn.