Sekunde 55 juu ya Douala

Ndege ya Kenya Airways, safari namba KQ507, iliruka kutoka Douala, Kamerun, muda mfupi baada ya saa sita usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ikielekea Nairobi. Haikukaa hewani zaidi ya dakika mbili hivi. Watu wote 114 waliokuwamo walikufa.

Dhana ya kwanza iliyoenea ilikuwa mvua, na si ajabu: mvua ya radi ndiyo iliyokuwa imeichelewesha ndege hiyo. Kisha zikatajwa injini, kwamba huenda zilizimika zote mbili. Mahali ndege ilipoangukia pakaitia nguvu dhana hiyo. Wakati wapekuzi wakihangaika katika misitu ya mbali kusini, mabaki yalikuwa kwenye kinamasi cha mikoko huko Mbanga Pongo, yapata kilomita 5 na nusu tu kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Yalipatikana baada ya zaidi ya saa 40. Ndege iliyoanguka karibu kiasi hicho, watu walisema, lazima ilikosa nguvu ya kupanda.

Visanduku vyeusi vilieleza mengine kabisa. Boeing 737-800 ile, ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja tangu itoke kiwandani, ilikuwa nzima na ilikuwa ikipanda.

Tangu magurudumu yalipoacha ardhi, ilikuwa ikilalia kulia kidogo. Hilo si jambo la kutisha. Nahodha alikuwa akiirekebisha kwa usukani. Ilipofika futi 1,000 aliuachia usukani, na katika kipindi hicho akatamka amri ya kuwashwa otopailoti. Rubani msaidizi hakuitikia, na otopailoti haikuwaka. Kwa sekunde 55 ndege ile haikuwa mikononi mwa mtu wala mwa mtambo. Bawa la kulia likazidi kushuka polepole, hadi mlalo ukafika nyuzi 34.

Inawezekanaje marubani wawili wasihisi? Mwendo wa kugeuka tunauhisi kwa vijifereji vyenye majimaji ndani ya sikio, navyo hushtuka pale tu mgeuko unapokuwa wa ghafla. Abiria aliyesinzia katika basi la usiku hajui kama barabara imepinda taratibu. Nje kulikuwa na giza tupu, hakuna taa za mji wala mstari wa upeo wa macho. Kilichobaki ni saa iliyo mbele ya kila rubani inayoonyesha mlalo wa ndege, na ripoti ya Kamerun, iliyotolewa mwaka 2010, ilisema wazi kwamba vipimo havikuwa vikikaguliwa.

Muda mfupi tu kabla ya king'ora cha mlalo kulia, nahodha aliushika usukani kama mtu aliyeamshwa gizani asijue mlango uko wapi. Marekebisho yake yakaiongezea ndege mlalo hadi nyuzi 50. Hapo otopailoti ikawashwa, na ndege ikaanza kutulia. Kila ninapoifikia sehemu hii ya ripoti huwa nasita. Usukani ukachezeshwa tena, mlalo ukakaribia nyuzi 70, na usukani wa mkia ulipokandamizwa kulia kwa muda mrefu, ndege ikapita nyuzi 90 na kushuka ikizunguka.

Aliyekumbuka ajali ya Flash Airlines ya Januari 2004 angeweza kuitilia shaka mapema dhana ya injini. Boeing 737 nyingine, ikitoka Sharm el-Sheikh, Misri, usiku juu ya bahari nyeusi, ililalia kulia hadi ikaanguka na watu 148. Injini zake nazo hazikuwa zimezimika.

Wapo wanaoyaita yote haya "kosa la rubani" na kufunga jalada. Siwezi kuridhika na hapo. Nahodha alikuwa na umri wa miaka 52, msaidizi wake 23, na ripoti ilitaja ukosefu wa ushirikiano kati yao. Utaratibu wa kuwasha otopailoti ni mwepesi: mmoja hutamka, mwenzake huitikia, kisha wote wawili hutazama kwenye skrini kama mtambo umekubali. Douala, jibu hilo halikuja, na hakuna aliyelidai.