Namba ya Mwisho Ndiyo Inayosikika

Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab alifuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Timu ilipoziendea nakala za akiba zilizopaswa kutengenezwa kila siku na pg_dump, programu ya kunakili hifadhidata za PostgreSQL, haikukuta kitu. Toleo la pg_dump lililokuwa likiitwa lilikuwa 9.2, hifadhidata yenyewe 9.6, hivyo programu ilikuwa ikigoma kila mara. Barua pepe za kuonya zilitumwa kweli, ila zilikataliwa na mpokeaji kwa kuwa DMARC, mfumo wa kuthibitisha mtumaji, haikuwa imewashwa kwa barua hizo. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono takriban saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Hapo angalau programu ilitimiza wajibu wake: ilisema imeshindwa. Skripti nyingi hazifiki hata hapo, kwa sababu habari ya kushindwa hupotelea ndani ya skripti yenyewe. Tazama mstari huu, ambao ndugu zake wamejaa kwenye seva:

pg_dump duka | gzip > duka.sql.gz

Kila programu ya Unix ikimaliza kazi huacha namba kati ya 0 na 255. Sifuri ni salama. Nyingine yoyote ni kushindwa. Sheli huiweka kwenye $?. Lakini amri zikiunganishwa kwa bomba, yaani alama ya |, sheli hutunza namba ya amri ya mwisho tu. Pg_dump ikigoma, inatoka na 1. Gzip haipokei chochote, inakikandamiza hicho kisichokuwepo kwa uaminifu mkubwa, inaandika faili la baiti 20 na kutoka na 0. Skripti inaamini mambo yamekwenda vizuri. Mbaya zaidi, faili zuri la jana limeshafutwa, maana alama ya > husafisha faili kabla amri haijaanza kazi.

Wengi watakwambia uandike set -o pipefail, ili bomba zima lihesabiwe limeshindwa amri yoyote ndani yake ikishindwa, na hawakosei. Bash inayo miaka mingi, na kiwango cha POSIX kiliikubali mwaka 2024. Ila ina ugomvi wake. Kwenye sort kubwa.txt | head -1, head ikishapata mstari wake hufunga mlango, na kama faili ni kubwa sort huuawa kwa ishara ya 13. Namba inayorudi ni 141, yaani 128 kujumlisha 13, na pipefail inaihesabu kuwa kushindwa ingawa ulichotaka umekipata.

Set -e, inayosimamisha skripti mara amri inaposhindwa, ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa watu huiandika juu ya skripti kama hirizi. Grep hurudisha 1 isipokuta neno, na 2 ikipata hitilafu ya kweli. Set -e haitofautishi. Skripti inayotafuta neno ERROR kwenye kumbukumbu za seva itakufa siku ambayo hakuna kosa lolote! Tena amri ikiwa ndani ya sharti la if, au kushoto kwa ||, set -e hunyamaza, hata ndani ya fankisheni iliyoitwa hapo. Na local x=$(amri) hukupa namba ya local, ambayo karibu daima ni 0.

Kwa nakala za akiba, mimi huliondoa bomba lenyewe. Pg_dump inaweza kukandamiza bila msaada wa gzip:

pg_dump -Fc -f duka.mpya duka && mv duka.mpya duka.dump

Ikishindwa, mv haifanyiki na nakala ya jana inabaki. Hapo namba ya mstari mzima huwa ile ya pg_dump, mradi usiongeze chini yake echo "Imekamilika", kwa kuwa echo nayo ina namba yake, na ndiyo itakayokuwa ya skripti.

Inabaki kroni, programu inayoendesha skripti kwa ratiba. Kroni ya kawaida haijali namba hiyo. Hutuma barua pale amri inapochapisha kitu. Anayemalizia mstari wake kwa 2>/dev/null ili asisumbuliwe na barua amejiziba masikio yote mawili. Ni afadhali kuweka || mwishoni, inayoendesha kinachofuata pale tu mstari unaposhindwa, kisha amri ya kupeleka ujumbe kwa mtu wa zamu, kwa njia ambayo imewahi kujaribiwa kwa kuivunja skripti makusudi.