Uzi Ulipotoka Vidoleni

Kusokota uzi ni kazi tatu: kuivuta pamba iwe nyembamba, kuipinda ili ishikane, kisha kuviringisha kilichopatikana. Anayesokota kwa kijiti hufanya zote kwa mkono, tena polepole, kiasi kwamba mfumaji mmoja huhitaji wasokotaji kadhaa wa kumlisha. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipopita Unyamwezi mwaka 1857 aliwakuta watu wakifuma pamba yao wenyewe. Lakini tayari merikani ilikuwa njiani na misafara, shuka za viwanda vya Massachusetts zilizozidi kumiminika Zanzibar baada ya mkataba wa 1833. Kwa maoni yangu, haikumbana mfumaji kwa ufundi wa kufuma. Ilimbana kwenye uzi, kwa sababu wa kwake ulikula siku nyingi mno.

Wasokotaji wa Uingereza walikwishaonja kubanwa huko na mashine. James Hargreaves alitengeneza, mnamo 1764, mashine ya mkono yenye vijiti 8, na mwaka 1768 wasokotaji wa Blackburn wakaivamia nyumba yake na kuvunja mashine zake. Ajabu ni kwamba mashine ile bado ilimtegemea fundi: vijiti viliongezeka, lakini mvuto ulipimwa kwa mkono.

Mtambo mmojawapo ulioutoa ufundi mkononi kabisa ni ule wa pete, ambao John Thorp wa Marekani aliupatia hataza mwaka 1828. Kwanza pamba hupita kati ya rola, za mbele zikizunguka kwa kasi kuliko za nyuma, hivyo inavutika yenyewe. Kisha uzi hupita kwenye kichuma kidogo kinachokimbia juu ya pete iliyokizunguka kijiti. Kichuma hicho kinaburutwa na uzi, kwa hiyo kinachelewa kidogo. Kila kikizunguka kinaupinda uzi, na kule kuchelewa ndiko kunakouviringisha kwenye bobini. Hakuna kusimama.

Mtu wa Nyasho, mjini Musoma, akisikia kiwanda cha nguo anafikiria Mutex, kiwanda cha umma cha mji huo kilichokuwa chini ya shirika la taifa la nguo, TEXCO, pamoja na Mwatex ya Mwanza na Urafiki ya Dar es Salaam. Viwanda hivi havikumnyang'anya msokotaji kijiti, merikani ilishapita. Vilileta mshahara na zamu. Lakini kazi kwenye mtambo wa pete ni kutembea kati ya safu, kuunga uzi uliokatika na kuondoa bobini zilizojaa. Wa kwenye mashine za kuchana pamba ndio hula vumbi zaidi, na madaktari wa viwanda wanaijua dalili yake: kifua kinabana Jumatatu, baada ya mapumziko.

Pamba mbegu ya Bunda ikichambuliwa hutoa pamba nyuzi karibu theluthi ya uzito. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania hufungwa robota na kuuzwa nje kabla haijasokotwa, na ujira wa kuvuta, kupinda na kuviringisha hulipwa kule robota linakofunguliwa.