Kijana Muhuni na Musichana Mwenye Hila

Kuna vitabu vya hadisi ambavyo wasichana wetu wa Kambove na Likasi wanavisoma kwa kifaransa, wakipokezana hata jalada linakatika. Hadisi ni ileile. Tuko Uingereza, kati ya mwaka 1811 na 1820, wakati mwana wa mufalme alipotawala pahali pa baba yake, George III, aliyeshikwa na wazimu. Musichana muzuri mwenye hila analetwa London kwa majira ya ngoma, kusudi wanaume wenye mali wamuone. Anamutegea tajiri mumoja; katika kutega anakutana na kijana muhuni, mwenye madeni na sifa mbaya. Wanadanganyana kurasa mia mbili, halafu wanapendana kweli, na muhuni anapona uhuni wake kama mutu anayepona homa. Georgette Heyer aliandika Regency Buck mwaka 1935, na wengi wakafuata njia yake (yeye mwenyewe anajua kuchekesha, wafuasi wengi hawajui). Tangu 2020 sinema za Bridgerton zinaleta mambo hayo hata ndani ya telefone.

Sitasema juu ya nguo zisizofunika mabega. Kila katekista ataziona bila musaada wangu. Ubaya uko katika ule uponyaji. Padri anayefundisha wachumba anajua neno hili: «Padri, atageuka tukiisha kuoana.» Linasemwa na musichana mwenye akili, juu ya kijana ambaye mutaa muzima unamujua. Hakulizua yeye. Amelisoma.

Basi yuko mwandishi mumoja aliyeishi miaka ile yenyewe, Jane Austen (1775–1817), binti wa pasteri, na yeye hakusadiki uponyaji huo. Muhuni wake ni Wickham, katika Pride and Prejudice (1813), kwa kifaransa Orgueil et préjugés. Kwanza Wickham anamutega binti wa miaka 15 mwenye urizi wa pauni 30,000, mupango unavunjika. Nyuma anatoroka na Lydia, ambaye ana miaka 16 tu na hana mali. Hafikiri kumuoa. Kusudi amuoe, bwana Darcy analipa madeni yake, zaidi ya pauni 1,000, anamuwekea Lydia pauni 1,000 ingine, tena anamununulia Wickham cheo katika jeshi. Musomaji wa Katanga atacheka kwa uchungu: kwetu kijana analeta mahari kwa wazee wa musichana, pale kijana ndiye anayelipwa ili akubali. Na kiisha ndoa? Wickham ni yuleyule. Mapendo yanapoa, kwanza kwa mume, na Lydia anabaki kuomba feza kwa dada zake.

Na musichana mwenye hila? Austen anamucheka, lakini anafanya hesabu pamoja naye. Mashamba ya muzee Bennet yatakwenda kwa ndugu mwanaume, maana hana mutoto wa kiume. Mabinti watano watabaki karibu mikono mitupu. Katika Sense and Sensibility (1811), Lucy Steele anamushika Edward kwa ahadi ya siri. Mara urizi unapogeuzwa kwa Robert, mudogo wake, Lucy anaolewa na Robert. Hila ni zambi, ndiyo. Hata hivi muungamishi mwema atauliza vilevile ni nani aliyefunga milango mingine.

Swali hilo limeulizwa kwa Kiswahili pia, na kwa ukali zaidi. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alisoma katika Seminari ya Nyegezi. Kitabu chake Rosa Mistika, jina lililotoka katika litania ya Bikira Maria, kilitoka 1971 na kikakatazwa kwa muda katika mashule. Rosa haanzi na hila. Anaanza na woga. Baba yake Zakaria, mulevi, anawalinda mabinti kwa fimbo, na barua moja ya kijana Charles inatosha kumuletea Rosa kipigo kikali. Hivi anakua bila kujua kusema na mwanaume hata salamu. Ulinzi ukiondoka, hana silaha: Deogratias anamupata, na kule Morogoro, katika chuo cha walimu, hila zinakuwa desturi yake. Charles anarudi, anataka kumuoa. Anapojua habari za nyuma anamuacha, na Rosa anajiua. Hakuna Darcy wa kulipa.

Wengine walisema kitabu hiki kinaharibu vijana. Mimi ningekiweka katika maktaba ya seminari kubwa. Mutakatifu Basili aliwafundisha vijana kusoma hata vitabu vya wapagani, kwa kuchagua. Kasoro yake ni ingine: wahuni wake ni vivuli. Deogratias tunamujua ni muhuni karibu mbele hajafungua kinywa, na kwa hiyo musomaji hajifunzi kumutambua mutu wa namna ile akikutana naye njiani. Wickham tunamupenda. Tunadanganyika pamoja na Elizabeth hata nusu ya kitabu, mpaka barua ya Darcy inafika. Fratri atakayefundisha wachumba asome pale polepole, maana Elizabeth hahitaji ushuhuda mupya. Anakumbuka tu yale aliyoyasikia kwa masikio yake: kwamba Wickham alimueleza mateso yake yote siku walipoanza kuongea, yeye mugeni kabisa, na kwamba alingoja Darcy aondoke ndipo akamusema vibaya mbele ya muji wote.