Nyota Moja kwa Mambo Yote

Barua pepe zina ubaya mmoja ambao barua za bahasha hazikuwa nao: zote zinafanana sura. Zamani, kabla hujaifungua bahasha ulikuwa umekwisha kujua mengi. Bahasha ya khaki iliyopigwa mhuri wa serikali haikuchanganywa na kadi ya harusi. Simu ya maandishi nayo, kwa vile ililipiwa kwa hesabu ya maneno, kila mtu alijua haikuletwa kwa mchezo. Leo taarifa ya pensheni, tangazo la viatu na salamu za mjukuu huingia kwa mlango mmoja, zimevaa sare moja, na kujipanga kwa saa ya kufika tu.

Waundaji wa huduma hizi wanalijua tatizo, nao wametupa alama ya kuitia barua ili ijitenge na nyenzake. Alama hiyo ndiyo ninayotaka kuihakiki hapa, kama nilivyozoea kuhakiki vitabu vya kiada pale chuoni: chamfaa nani, na kinamwachia nini mtumiaji baada ya kukifunga.

Nichukue Gmail, iliyoanza tarehe 1 Aprili 2004, ambayo wengi wa rika langu tumefunguliwa na watoto wetu. Karibu na jina la aliyekuandikia kuna kinyota kitupu. Ukikigusa kinajaa rangi ya njano, na barua ile inaingia katika orodha ya zenye nyota, ikabaki humo hata ukiiondoa kikashani. Ni rahisi, na kwa urahisi wake sina ugomvi. Ugomvi wangu ni juu ya maana. Nyota ile yasema nini? Yaweza kusema “nilijibu hili kabla ya Ijumaa.” Yaweza kusema “hifadhi, nitaihitaji siku moja.” Yaweza hata kusema “barua hii imenifurahisha.” Haya ni mambo matatu mbalimbali, na mtu aliyepewa kalamu moja atayaandika yote kwa kalamu hiyo hiyo.

Namjua mwalimu mmoja mstaafu ambaye orodha yake ya nyota ilipita mia. Humo mlikuwa na picha za wajukuu, mahubiri, risiti za umeme, na barua moja iliyomtaka apeleke vyeti vyake kuhakikiwa kabla ya tarehe fulani. Ofisi iliyoiandika siitaji. Barua aliiona, akaitia nyota kama alivyofundishwa, ikazama chini ya nyota nyingine. Tarehe ikapita, na malipo yake yakasimama miezi miwili. Msomaji atasema mzee alizidisha nyota. Lakini je, kuna chochote katika chombo kile kilichomwambia kwamba nyota huchakaa zikizidi? Mimi sikukiona.

Kweli, huduma hiyo ina alama nyingine. Ukiingia katika mipangilio kwa kompyuta utazikuta kumi na mbili: nyota za rangi sita, na vijialama sita vikiwamo cha mshangao, cha kuuliza na cha vema. Unazivuta unazozitaka, kisha kila ukigusa kinyota rangi inabadilika kwa zamu. Wazo zuri, ila limefichwa mahali ambapo anayelihitaji hafiki, na kwenye programu ya simu ya mkononi, ambako wengi wetu ndiko tunakosomea barua, anayetia alama hupata ile ya njano peke yake. Sababu mojawapo ya umaskini huu ni ya zamani. Mark Crispin alipoanza kuubuni utaratibu wa IMAP pale Stanford mwaka 1986, utaratibu ambao hadi leo programu mbalimbali hutumia kusomea sanduku moja, alama ya umuhimu iliyokuja kuwamo ilikuwa na majibu mawili tu: ipo au haipo. Rangi hazikuwa na mahali pake.

Kuna pia mshale wa njano, ambao mashine yenyewe hutia tangu mwaka 2010. Hutazama unaandikiana na nani, unafungua zipi, unajibu zipi. Nausifu kwa jambo moja: ukiweka kielekezi cha kipanya juu yake hukueleza kwa nini umeichagua barua ile, na ukiona imekosea unaweza kuisahihisha. Mwanafunzi anayeonyesha njia ya hesabu yake hupata maksi hata jibu likikosewa. Lakini mazoea ni mwalimu mbovu wa umuhimu. Barua ile ya vyeti ilitoka kwa mtu ambaye hajapata kuandika kabla yake.

Wengine wangependa mwandishi ndiye atie alama. Outlook inaruhusu: anayetuma huweka mshangao mwekundu, nao hufika hadi kwa mpokeaji. Siupendi mpango huu. Nilipokuwa mkuu wa shule tulipokea waraka baada ya waraka wenye mhuri wa HARAKA, hata ule wa kuulizia idadi ya majembe, mpaka karani wangu akawa hautazami tena. Kila mwandishi huona lake ndilo la haraka.

Karani huyo huyo ndiye aliyekuwa na dawa. Jalada lililosubiri jambo hakulitia rangi. Aliandika juu yake tarehe ya kulirudisha, akaiandika pia katika daftari lake, na asubuhi ya tarehe hiyo jalada lilikuwa mezani kwangu bila mimi kulikumbuka. Bendera ya Outlook inaukaribia utaratibu huo, kwa kuwa inakuruhusu kuchagua leo, kesho au wiki ijayo. Gmail nayo tangu 2018 inaweza kuiahirisha barua ikarudi juu siku utakayo, ila imekitenga kitendo hicho mbali na nyota, kana kwamba ni mambo yasiyojuana. Ningewaomba waviunganishe. Mtu agusapo nyota, aulizwe neno moja: “Hadi lini?” Na jibu la “ya kuhifadhi tu” liwepo, liende katika orodha yake.

Kwa sasa, chombo bora kilichomo ni kile kisichosemwa sana: kichujio. Kwa kompyuta, unaandika anwani ya ofisi unayoitegemea, kisha unaamuru kila barua itokayo huko itiwe nyota na isitupwe kamwe penye takataka. Kwenye programu ya simu hakitengenezwi. Lakini kikishatengenezwa, hufanya kazi hata barua zinaposomewa kwenye simu, na anayemsaidia mzazi wake hahitaji zaidi ya robo saa mbele ya kompyuta ya jirani.