Heri ya Noeli Kutoka kwa Mheshimiwa

Mwezi wa Desemba ukifika huku Didia, mambo mawili huja pamoja. La kwanza ni vijana wetu kurudi kutoka machimboni, wengine Kahama, wengine Geita, wakiwa na mabegi mgongoni na habari za duara lililotoa na lile lililokataa. La pili ni salamu za viongozi. Zinakuja kwa meseji kwenye simu, zinakuja redioni, zinakuja kwenye kalenda zenye picha na kwenye mabango yanayofungwa kando ya barabara ya Tinde. Kalenda tunazitundika ukutani, meseji tunazifuta, mabango yanaloa mvua hadi yanachanika.

Mwaka mmoja, katika jumuiya yetu ndogo ndogo, salamu hizo zilituletea ubishi. Tulikuwa tumemaliza sala, ndugu mmoja akatusomea meseji mbili alizozipata siku hiyo. Ya kwanza ilitaja kuzaliwa kwa Mwokozi, ikatuombea baraka za Mtoto Yesu. Ya pili ilitutakia sikukuu njema na mwaka mpya wenye mafanikio, basi. Haikumtaja Kristo wala Noeli. Wengi tulisema kwamba yule wa kwanza ni mwenzetu, na yule wa pili anaona haya kutaja jina la Bwana. Ndipo mama mmoja mzee akauliza: "Na huyo wa kwanza, mara ya mwisho kufika hapa si ilikuwa wakati wa kura?" Tukacheka, halafu tukanyamaza.

Swali la mama yule ndilo lililotufanya tuandike. Je, Mkristo aipime vipi salamu ya sikukuu inayotoka kwa mtu wa siasa? Atazame kama imemtaja Kristo, au atazame kitu kingine?

Kupima salamu si utovu wa adabu. Katika Injili ya Luka, sura ya kwanza, malaika Gabrieli anamsalimu Bikira Maria, na Maria haitikii papo hapo. Anafadhaika, anajiuliza moyoni salamu ile ina maana gani. Ikiwa Mama wa Mungu aliichunguza salamu ya malaika, sisi hatukosi tukiichunguza ya diwani, ya mbunge, hata ya Rais.

Basi tuzisome hizi salamu kwa makini, kama tunavyosoma maandishi mengine.

Salamu ya kidini kwa kawaida huanza na kuzaliwa kwa Mwokozi, hupita kwenye amani, upendo na umoja, na huishia kwenye jina na cheo cha mtoaji. Kwenye bango mara nyingi kuna picha ya hori pembeni, ndogo, na picha ya kiongozi katikati, kubwa. Anayepita kwa pikipiki hawezi kumwona Mtoto Yesu, lakini mheshimiwa atamwona.

Salamu isiyo ya dini ina umbo lake pia. Inatutakia sikukuu njema, inatuomba tusherehekee kwa amani na utulivu, kisha inaonya: madereva wasikimbize magari, wazazi wasiwaache watoto watembee peke yao, watu wasilewe kupita kiasi. Inaishia kwenye kazi na maendeleo ya taifa. Ni salamu kavu, tunakubali. Lakini ina jambo moja ambalo ile ya kwanza mara nyingi haina: inazungumzia mambo ambayo serikali inawajibika nayo kweli. Barabara ni ya serikali. Polisi ni wa serikali. Kiongozi anayesema tusife njiani siku ya Noeli anasema jambo lililo ndani ya kazi yake, na tunaweza kumwuliza amelifanyia nini.

Hapa tukumbuke nchi yetu ni ya namna gani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 3, inasema kwamba nchi yetu haina dini. Ibara ya 19 inaiacha imani kuwa hiari ya kila mtu, na inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Lakini nchi hiyo hiyo wimbo wake wa taifa ni sala, na kalenda yake ina Krismasi, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, pamoja na Maulidi na sikukuu mbili za Idi. Serikali haina dini, ila watu wake wanayo, na serikali inapumzika kazi pale watu wake wanaposali.

Tena tumetawaliwa kwa kupokezana. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki, Mzee Mwinyi Mwislamu, Mkapa Mkatoliki, Kikwete Mwislamu, Magufuli Mkatoliki, na tangu Machi 2021 Mama Samia, Mwislamu. Kwa hiyo kwa miaka mingi Heri ya Noeli ya taifa imetoka kinywani mwa mtu asiyesali nasi, na kwa miaka mingine Idi Njema ya taifa imetoka kinywani mwa mtu asiyefunga Ramadhani. Tunataka nini kwa mtu huyo? Tukimdai Rais Mwislamu atangaze kwamba Mwokozi wake amezaliwa, tunamfundisha kusema asichokiamini. Na Rais Mkristo akialikwa kwenye Baraza la Idi, hakuna Mwislamu mwenye busara anayemdai shahada. Anachotakiwa kuleta ni heshima. Kuna salamu ya kukiri imani na kuna salamu ya jirani. Ya kwanza ni yetu sisi tuliobatizwa. Ya pili yeyote anaweza kuitoa, na kwa mkuu wa nchi hiyo inatosha.

Mwaka 2021 Rais Samia alianzisha salamu ya hadharani: anawasalimu wananchi kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, nao wanaitika "Kazi iendelee." Kabla ya hapo tulizoea kiongozi akisimama jukwaani apange salamu kama mtu anayepanga matofali: Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, Shalom. Wapo ndugu zetu waliosema salamu ile mpya imemwondoa Mungu jukwaani. Sisi tunaona tofauti. Ule mlolongo haukuwahi kutosha. Huku Usukumani tuna wazee wengi ambao hawajabatizwa wala hawajasilimu, wanaishi kwa mila za mababu. Katika mlolongo ule wao hawakusalimiwa hata siku moja. Na yule anayetamka salamu nne za imani nne kwa pumzi moja, ni ipi kati ya hizo inayotoka moyoni? Jina la Yesu si tofali.

Msomaji anaweza kusema hili ni jambo dogo, maneno tu. Tumjibu kwa kumkumbusha mwaka 2013. Mwezi Februari mwaka huo, Buseresere mkoani Geita, mahali ambapo vijana wetu hupita wakienda machimboni, Wakristo na Waislamu waligombana juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuza. Mchungaji mmoja aliuawa. Mwezi huo huo Padre Evarist Mushi alipigwa risasi Zanzibar, na Mei 5 bomu lilirushwa kwenye parokia ya Olasiti, Arusha, watu wakiwa wamekusanyika kwa Misa. Angalieni ugomvi wa Buseresere ulianzia wapi: nyama. Kitoweo kile kile cha sikukuu, ambacho hapa kwetu siku ya Noeli tunampelekea jirani Mwislamu, na siku ya Idi tunapokea sahani yake ya pilau. Palipo na uchungu wa namna hiyo, kiongozi anayemwambia Mkristo Heri ya Noeli na Mwislamu Idi Njema kwa sauti moja anafanya kazi ya maana sana. Na kiongozi anayeitumia salamu kuonyesha kwamba yeye ni wa upande mmoja anacheza na kiberiti karibu na nyasi kavu.

Wenzetu wa Marekani wamelumbana juu ya jambo hili miaka mingi. Mwaka 2005 Rais George W. Bush, Mkristo asiyeficha imani yake, alituma kadi za sikukuu zisizoitaja Krismasi kwa jina, na baadhi ya Wakristo waliokuwa wanamuunga mkono wakamlaumu. Miaka kumi na kitu baadaye Donald Trump aliomba kura akiahidi kwamba watu watasema tena "Merry Christmas." Tunachojifunza ni kwamba salamu ikishakuwa ahadi ya kampeni, haimsalimu mtu tena. Inahesabu nani yuko nasi na nani hayuko. Bwana wetu katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, anauliza: tukiwasalimu ndugu zetu tu, tumezidi nini?

Lakini lawama kubwa katika makala hii haimwendei mwanasiasa. Inatuendea sisi.

Noeli moja, katika kigango kimoja cha huku kwetu, kiongozi alipewa nafasi baada ya Komunyo asalimie kidogo. Alianza vizuri: Tumsifu Yesu Kristo. Tukaitika milele na milele. Akatutakia Noeli njema. Kisha akataja bati atakazotuletea, akataja wanaompinga, akataja uchaguzi. Alipofika kwenye bati tulipiga makofi, na akina mama wakapiga vigelegele. Hori lilikuwa hatua tatu kutoka aliposimama, na hakuna aliyeliangalia. Tulikuwepo, nasi tulipiga makofi. Paa lilikuwa linavuja, ni kweli, lakini siku ile tuliikodisha Noeli kwa bei ya bati, na salamu ya kidini ndiyo iliyokuwa risiti.

Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anamsema mtu anayemwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani na ashibe, huku hampi kitu. Hiyo ni salamu tupu. Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 20, kinatuonyesha mbaya zaidi: Yoabu anamwita Amasa ndugu, anamshika ndevu ambusu, anamwulizia hali, na upanga uko mkono wa pili. Maneno ya Yoabu hayakuwa na kosa lolote. Ndiyo maana hatuwezi kupima salamu kwa maneno peke yake.

Mwalimu Nyerere, ambaye Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, alikuwa mtu wa Misa. Lakini alipozungumza na masista wa Maryknoll kule New York mwaka 1970, hakuwapamba kwa maneno ya ibada. Aliwaambia Kanisa lisipopambana na mambo yanayowafanya watu kuwa maskini, halitakuwa na maana kwao. Yule muumini alilisalimu Kanisa kwa kulikumbusha maskini. Kwetu sisi, hiyo ilikuwa salamu ya kidini kuliko mabango mengi.

Basi salamu njema ni ipi? Mababu zetu walijua. Msukuma akikutana na mtu asubuhi anasema "Mwangaluka," kisha haondoki. Anauliza "Mhola?" Anauliza watoto, ng'ombe, mvua, mgonjwa aliyekuwa amelala juzi. Anasubiri jibu. Salamu kwetu ni swali, na anayeuliza anakubali kuchelewa njiani kwa ajili ya jibu. Kasoro ya salamu nyingi za wakubwa, za kidini na zisizo za dini, ni moja: haziulizi kitu. Meseji ile ya Noeli ukiijibu, jibu haliendi popote.

Tunapendekeza mambo matatu kwa waumini wenzetu. Kwanza, kiongozi akija kusali Noeli akae benchini kama Mkristo mwingine, na akitaka kutusalimu atusalimu nje baada ya baraka, chini ya mti, mahali ambapo nasi tunaweza kumjibu. Bati zikija, zije siku nyingine. Pili, tuache kuhesabu nani ametaja Kristo na nani hakumtaja. Kumtangaza Kristo ni kazi yetu tuliyopewa kwa ubatizo, hatuwezi kuikabidhi Ikulu. Tatu, kila salamu tunayopata tuijibu kweli. Jumuiya inaweza kuandika barua fupi kwa ofisi iliyotutakia heri: asante kwa salamu, nasi hali yetu ni hii, kisima kimeharibika, majaruba yanangoja maji, kijana wa fulani ameangukiwa na kifusi machimboni na familia yake haijasaidiwa.

Na sisi wenyewe tuanze. Idi ijayo twende kwa jirani Mwislamu kabla hajatuletea sahani. Noeli ijayo twende kwa mzee asiyesali popote, tumwambie Mwangaluka, tukae.

Bwana aliwatuma wanafunzi wake waingie nyumba za watu na salamu ya amani. Akawaambia, tunavyosoma katika Luka sura ya 10, kwamba pale alipo mtu wa amani, amani yao itakaa juu yake, na asipokuwepo, itawarudia wenyewe. Desemba hii simu italia, na Mheshimiwa atatutakia heri. Tumwitikie kwa adabu, tumweleze hali yetu, tuone amani hiyo itakaa wapi.